Kisasi Kilipofikishwa Mahakamani
Damu hudai damu. Ndiyo tanzia ya Aeschylus, iliyochezwa Athens mwaka 458 kabla ya Kristo: Orestes amuua mama yake kulipiza kifo cha baba yake, na hatimaye mahakama, wala si upanga, ndiyo inayokata shauri.

Mwitaliano Pier Paolo Pasolini alikusudia kuigeuza kuwa filamu ya Kiafrika. Alipiga picha za matayarisho Uganda na Tanzania, hadi Kigoma. Matayarisho hayo yalitoka mwaka 1970. Filamu yenyewe haikutengenezwa.

Katika makazi ya Nakivale wanaishi waliokimbia vita vya Kongo na Burundi. Kwao jambo hilo si mchezo wa jukwaani. Askari amfikishaye mtuhumiwa mahakamani, na mzazi asiyemrithisha mwanawe kisasi, ndio waukatao mnyororo huo.