Pua si Kipimo cha Sumu ya Ghalani



Mwenye karafuu aghlabu huwa na gunia zake za mchele au mahindi katika ghala moja, na wengi wetu twavijua vile vidonge vya kijivu vya kuulia fukusi. Leo twapenda kuvieleza, kwa kuwa khatari yake haifanani na ya sumu nyingine tulizozizowea.

Kidonge chenyewe ni alumini fosfaidi. Kikipata unyevu hutoa hewa ya sumu iitwayo fosfini, na unyevu visiwani kwetu si wa kutafutwa. Huko Marekani sheria yasema mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 3 katika sehemu milioni 10 za hewa, kwa wastani wa kazi ya saa 8. Tufahamiane hapa: kiwango hicho kimewekewa mtu mzima atokaye kazini jioni akapumua hewa safi. Hakikuwekewa mtoto mchanga aliyelala usiku kucha chumba cha pili. Ikifika sehemu 50 katika milioni moja, wataalamu huihesabu kuwa ni khatari kwa roho papo hapo.

Wako wasemao, "Tutaisikia harufu, tutatoka." Fosfini iliyo safi haina harufu. Ile ya vidonge hunuka kama kitunguu thomu au samaki aliyeoza, lakini pua hazilingani, na mtu aweza asisikie kitu hali kiwango kimekwisha pitwa. Kitambaa usoni hakizuii, wala hapana dawa ya kuivunja sumu hii mwilini. Tabibu hushughulikia moyo na pumzi tu.

Mwezi wa Januari 2017, mjini Amarillo katika Texas, vidonge hivi vilikuwa vimewekwa chini ya nyumba kwa ajili ya panya. Mtu wa nyumba ile akataka kuviosha kwa maji. Maji yakazidisha ile hewa, wakafa watoto 4 wa nyumba moja. Nasi tumelelewa kuwa maji ndiyo usafi!

Basi ghala lenye vidonge lisilaliwe, wala lisishikane na chumba cha kulala. Kazi ya kufukiza waachiwe wenye chombo cha kupimia hewa, nao ndio wa kusema lini lifunguliwe na lini paingiwe. Mwenye kopo la vidonge nyumbani asilifungue wala asilirowanishe. Amwendee bwana shamba.