Insha iliyonirudisha darasani

Mdogo wangu ameanza mwaka wa kwanza wa saikolojia, na juzi ameniuliza: "Dada, hivi wewe ulisomaje?" Nikakumbuka basi la asubuhi, miaka sita iliyopita, nikitoka zamu ya usiku. Insha yangu ya kwanza ilikuwa imerudi na alama 37. Hapa Uingereza kwa kawaida ya kufaulia ni 40. Nikazima simu kabla ya kumaliza maoni ya mhadhiri. Mume wangu sikumwambia hadi Jumapili. Ada nilikuwa nalipa mwenyewe kwa zamu za ziada, na mama kule Tanga alishawatangazia majirani.

Na sikuwa mvivu. Diploma ya uuguzi niliipata nyumbani kwa kukariri: mifupa, dozi, hatua za kufunga kidonda. Tulipeana madesa, tukakesha, tukayamwaga kwenye mtihani, tukafaulu. Sasa mhadhiri anasema nimeeleza vizuri ila sijajenga hoja. Kurasa nne nilikuwa nimesimulia jaribio la Stanley Milgram kama mtu anayesimulia tamthilia ya jana.

Msaada wa kwanza niliukuta ndani ya somo lenyewe. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba tulichokariri huanza kupotea kwa kasi saa za mwanzo kabisa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Waliopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliokumbuka zaidi ni wale walioweka kifungu pembeni na kukiandika kutoka kichwani. Nilicheka peke yangu, maana ukurasa huo nilikuwa naupigia mstari wa njano kwa mara ya tatu.

Basi nikawa nafunga kitabu na kuandika ninachokumbuka, hata nyuma ya bahasha. Mara ya kwanza inatoka mistari mitano, na unajiona mjinga kweli. Kisha nafungua kuona nilichoacha. Narudia baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Dakika 20 kabla ya zamu zilinitosha. Baada ya zamu sikugusa kitabu, nililala.

Hoja ndiyo ilinitoa jasho. Wauguzi wenzangu mtanielewa: tukikabidhiana zamu hatusomi faili zima. Tunasema hali ya mgonjwa ikoje, tumejuaje, na nini kinatutia wasiwasi. Nikaanza kukabidhi majaribio hivyo hivyo. Jioni moja jikoni nikamkabidhi mwanangu, wakati huo ana miaka 9, lile la Milgram la mwaka 1963. Wanaume 40 wa New Haven, Marekani, na maeneo ya jirani waliagizwa wampige mtu shoti ya umeme kila akikosea jibu. Shoti hazikuwa za kweli na yule mtu alikuwa anaigiza, ila wao hawakujua. Watu 26 walifika mwisho, volti 450.

"Mama, kwani wanawake hawakuwepo?"

Nikabaki na mwiko mkononi. Neno "wanaume" nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwenye insha, nikalipita kama sijaliona, kisha nikahitimisha kwamba binadamu hutii. Binadamu gani? Usiku ule nikatafuta. Kumbe baadaye Milgram alijaribu na wanawake 40, na waliofika mwisho walikuwa 26 vilevile. Sawa, swali la mwanangu lilikuwa na jibu. Lakini bado ni nchi moja, miaka ileile ya sitini, na mimi naandika kana kwamba mama yangu na majirani zake walikuwemo. Hapo nikaona pa kuanzia hoja.

Niliruhusiwa kuiandika upya insha ile, ila kwa kanuni za chuo marudio hayapewi zaidi ya 40. Nikapewa hiyo 40. Iliyofuata, kuhusu kumbukumbu, nikapata 63. Mwanangu anadai nusu ya alama ni zake, na hadi leo analipwa kwa chapati.