Bomba la mafuta na afya yako: Nani hulikagua?

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alimleta bintiye wa miaka sita katika kliniki yangu jijini Nairobi. Mtoto alikuwa akilalamika kuumwa na kichwa karibu kila siku, tumbo lilimsokota, na ngozi ya mikono yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Nilimpima malaria na minyoo, sikuona kitu. Nilipomuuliza mama huyo maji wanachota wapi, alinijibu: "Kisimani, daktari, lakini siku hizi yananuka kama mafuta ya taa."

Nilidhani ni mtungi uliowahi kutiwa mafuta. Nikamwambia auoshe vizuri kwa sabuni, nikampa mtoto dawa ya maumivu na ya kupaka, kisha nikamwita mgonjwa aliyefuata. Wiki tatu baadaye mama alirudi akiwa na majirani wawili, wote na watoto, wote na malalamiko yale yale. Hapo ndipo nilipompigia simu afisa wa afya ya umma. Maji yalipopimwa yalikutwa na petroli, na chanzo kilikuwa bomba lililopita chini ya ardhi kuelekea kwenye matangi ya kampuni moja, ambalo lilikuwa limetobolewa na kutu. Kwa wiki tatu zile watoto walizidi kunywa maji hayo, na kosa hilo ni langu.

Wasomaji wengi wakisikia habari za ukaguzi wa mabomba ya mafuta huona kwamba hayo ni mambo ya wahandisi na mawakili. Lakini ugonjwa unaotokana na bomba linalovuja ni mgumu kutambuliwa kliniki, kwa sababu dalili zake zinafanana na za homa, uchovu au njaa. Mgonjwa akifika kwangu, bomba huwa limekwisha kuvuja kwa wiki au miezi. Anayeweza kumwokoa mapema ni mkaguzi, na mkaguzi naye ana mipaka yake, kama tutakavyoona.

Kwanza tujue petroli ina nini. Ndani yake mna kemikali nyingi, na mojawapo ni benzini. (Baadhi ya watu huita petroli yenyewe benzini, lakini hapa ninazungumzia kemikali ile moja.) Benzini hushambulia uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa ambao hutengeneza damu. Mtu akiipata kidogo kidogo kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa na damu, akashindwa kupigana na maradhi, na wengine hupata saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi maikrogramu 10 za benzini. Kiasi hicho ni kidogo mno. Ulimi wa binadamu hauwezi kuionja benzini mpaka iwe imezidi kipimo hicho mara nyingi. Kwa hiyo maji yakinuka, acha kuyatumia mara moja. Lakini yakiacha kunuka, hiyo si hakikisho kwamba yamekuwa safi.

Kuchemsha maji hayo hakusaidii. Mvuke wa mafuta hujaa jikoni, mpishi akauvuta, na ukifikia moto unaweza kulipuka. Klorini inaua vijidudu, haiondoi petroli. Kitambaa cha kuchujia nacho ni bure.

Hatari ya pili ni moto, na hapa Nairobi hatuhitaji kukumbushwa. Jumatatu tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kituo cha Kampuni ya Kenya Pipeline katika eneo la Viwandani, ikaingia kwenye mtaro wa maji na kuteremka hadi mtaa wa mabanda wa Sinai. Wakazi walitoka na ndoo na mitungi kwenda kuchota. Moto ulipolipuka watu zaidi ya 100 walikufa, na wengine wengi walilazwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta wakiwa na majeraha mabaya. Watu husema maskini wale waliponzwa na tamaa. Mimi siwalaumu. Mtu anayenunua mafuta ya taa kwa chupa, akiona petroli ikipita mlangoni kama maji ya mvua, hafikirii kwamba ule mvuke asiouona ni mzito kuliko hewa, kwamba unatambaa chini kwa chini, na kwamba jiko la makaa lililo mbali unaweza kulifikia kabla yake. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata mahali penye baridi kuliko barafu. Haingoji jua.

Je, bomba hukaguliwaje? Bomba la chuma lililozikwa ardhini hupakwa ngozi ya kuzuia maji, kisha hupitishiwa umeme mdogo unaozuia kutu. Umeme huo ukikatika, au ngozi ikichubuliwa na jembe la tingatinga, kutu huanza kazi yake polepole. Ili kuiona, mafundi hutia ndani ya bomba kifaa chenye vipimo ambacho husukumwa na mafuta yenyewe kutoka kituo hadi kituo, kikiandika mahali chuma kilipoliwa au kubonyea. Wahandisi wa Kizungu wamekipa jina la nguruwe, na wetu wakalichukua jina hilo bila aibu. Nguruwe huyu akitoka upande wa pili, kinachobaki ni mtu kusoma alichoandika, kwenda mahali penyewe, kuchimba na kutazama.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo mara nyingi hushindikana. Mfano unaofundisha zaidi ninaoujua ulitokea mbali na hapa, katika mji wa Bellingham, jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1994 bomba la petroli lilikwaruzwa na mitambo ya kuchimba wakati wa ujenzi katika kituo cha maji. Ukaguzi wa ndani uliofanywa baadaye, mwaka 1996 na 1997, ulionyesha kasoro mahali hapo, lakini kampuni iliamua kutochimba. Tarehe 10 Juni 1999 bomba lilipasuka, petroli zaidi ya galoni 200,000 ikamiminika katika kijito na kushika moto. Vijana watatu walikufa, wawili kati yao wakiwa watoto wa miaka 10. Kifaa kilifanya kazi yake na alama ilionekana. Ni kama mimi kumpiga mgonjwa picha ya mapafu, kuona doa, kisha kuitia picha kabatini. Baada ya msiba huo, mwaka 2002 Marekani ilipitisha sheria kali zaidi za usalama wa mabomba.

Zipo pia mashine zinazopima mafuta yanayoingia upande mmoja wa bomba na yanayotoka upande mwingine. Hesabu zikitofautiana sana kengele hulia. Shida ni neno hilo "sana". Tuseme bomba linapitisha lita 1,000,000 kwa saa. Upungufu wa nusu ya asilimia moja unaweza kujificha katika makosa ya kawaida ya vipimo, lakini nusu hiyo ni lita 5,000 kila saa, yaani lita 120,000 kwa siku, zinazozama ardhini na kutafuta kisima cha mtu.

Hapa Kenya tumeyaona hayo. Bomba la kwanza la Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa kilomita 450 hivi, lilianza kazi mwaka 1978. Mwaka 2015, likiwa na umri wa miaka 37, mafuta yaliyovuja humo yaligunduliwa yakiwa yamechafua mto Thange na visima vya wakazi huko Kibwezi, kaunti ya Makueni. Watu walioutegemea mto huo kwa kunywa, kunyweshea mifugo na kumwagilia mboga walijikuta hawana maji, na malalamiko yao ya kiafya yakaendelea kwa miaka. Bomba jipya la inchi 20 lilichukua nafasi ya lile kuukuu mwaka 2018. Kesi nayo ilifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni, ambayo mwaka 2025 iliamuru wakazi walipwe mabilioni ya shilingi. Hesabu ni rahisi: mtoto aliyezaliwa mwaka wa mafuta kuvuja alikuwa na miaka 10 siku ya hukumu hiyo.

Sheria tunazo. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ndiyo hutoa leseni na kusimamia usalama wa mabomba. NEMA husimamia mazingira, na kanuni za mwaka 2003 zinadai ukaguzi wa mazingira kila mwaka. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 nayo inataka mahali pa kazi pakaguliwe kila mwaka. Karatasi, basi, hazikosekani. Ninachokiona kimekosekana ni mwananchi kujua yaliyoandikwa humo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, na sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari zinakupa haki ya kuuliza kwa barua: bomba linalopita mtaani kwetu lilikaguliwa ndani lini, kasoro gani zilionekana, na zipi zimechimbwa na kurekebishwa? Swali hilo la tatu ndilo la maana kuliko yote, na chama cha wakazi kinaweza kuliuliza bila kuwa na mhandisi.

Na wewe uliyejenga juu ya ule ukanda ulioachwa wazi na kuwekwa vigingi, ujue kwamba fundi hawezi kuchimba chini ya chumba chako cha kulala. Najua aliyekuuzia kiwanja hakukuambia hivyo. Hata hivyo, nyumba hiyo inamzuia mkaguzi asilifikie bomba, na wewe ndiwe wa kwanza kuungua.

Ukiona majani yamekauka mahali pamoja bila sababu, mafuta yanayong'aa rangi rangi juu ya maji, au ukisikia harufu ya petroli karibu na mtaro, ondoka ukielekea upande upepo unakotoka na mahali palipoinuka. Usiwashe sigara wala pikipiki. Wapigie simu wazima moto au polisi ukiwa umeshafika mbali, na umwarifu chifu ili majirani waonywe.

Aliyelowa petroli avuliwe nguo na kuoshwa kwa maji mengi na sabuni. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20, kisha afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa hospitali. Dawa ya meno, unga na mayai viacheni jikoni. Huwa tunapoteza muda mwingi kuvibandua, na mgonjwa analia. Mtoto aliyemeza petroli au mafuta ya taa asitapishwe kamwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa, kwa maana akitapika mafuta huingia mapafuni na kuleta nimonia mbaya. Mpeleke hospitali hata kama anacheza, kwa sababu kikohozi kinaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Kama umekuwa ukinywa maji yenye harufu ya mafuta, mwambie daktari wako hivyo kabla hajakuuliza, na umwombe akupime wingi wa chembe za damu. Chukua pia maji hayo katika chupa safi ya glasi, uijaze hadi juu, uifunge vizuri na kuiweka mahali pa baridi ili afisa wa afya ya umma aipeleke maabara. Chupa ya plastiki haifai, maana kemikali hizo hupenya.

Yule binti sasa yuko shule ya upili. Kipimo cha damu yake tulikirudia kila baada ya miezi sita kwa miaka mitatu, na hakikuonyesha kasoro. Kisima chao kilijazwa mawe, na mama yake hununua maji ya mkokoteni. Kila mtungi ukifika huufungua kwanza na kuunusa, ndipo amlipe mwenye mkokoteni.