Shimo la Choo: Namna ya Kulichimba, Kulitunza na Kulifunga

Mkulima wa Sengerema ajua kutunza ghala la mahindi na zizi la ng'ombe. Lakini shimo la choo, lishikalo uchafu wa nyumba nzima, mara nyingi huchimbwa kwa siku chache, kisha husahauliwa mpaka lijae au liporomoke. Maneno haya yameandikwa kwa ajili yako wewe mwenye mji, upate kujua kazi ya shimo hili na namna ya kulitumikia.

1. Kwa nini uchafu ufungiwe

Katika pwani ya Ziwa Victoria ugonjwa wa kichocho cha tumbo ni wa tangu zamani. Mayai ya mnyoo wake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na vidudu vitokavyo huingia katika konokono wadogo wa ziwani na wa majaruba. Baada ya majuma kadhaa hutoka wengi mno, nao hupenya ngozi ya mtu yeyote aliyeingia majini: mvuvi, mama achotaye maji, mtoto aogaye. Dawa itolewayo shuleni na hospitalini huua minyoo iliyo mwilini, lakini haimkingi mtu asiupate tena akirudi majini kesho. Kwa hiyo kinyesi kisichofika majini ni kinga ya watoto wako na ya watoto wa jirani.

2. Mahali pa kuchimba

Shimo liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, yaani hatua 40 hivi za mtu mzima, tena liwe upande wa chini wa mteremko, si juu ya kisima. Kati ya sakafu ya shimo na maji ya ardhini pawe na mita 2 za udongo mkavu, kwa maana udongo huo ndio uchujao. Pima mwisho wa masika, wakati maji ya ardhini yako juu, wala usidanganywe na ukavu wa kiangazi.

Aliye karibu na ufuko akumbuke mwaka 2020. Mwezi wa Mei mwaka ule maji ya Ziwa yalipanda kupita hata kipimo cha mwaka 1964, yakafunika mashamba na nyumba za pwani. Shimo likifunikwa na ziwa, uchafu wake hutoka ukaenea majini. Basi, chimba mahali palipoinuka. Kama maji yako karibu, chimba shimo fupi, kisha jenga kuta za mawe kupanda juu ya ardhi na kuzizungushia udongo ulioshindiliwa, choo kisimame kama juu ya kichuguu.

Penye mchanga, kuta za shimo zijengewe mawe au matofali ya kuchoma, zisiporomoke. Sehemu ya chini acha nafasi ndogo ndogo kati ya mawe, maji yapate kunywewa na udongo.

3. Ukubwa wa shimo

Kinyesi huoza na maji yake huzama, hata kinachobaki kwa mtu mmoja kwa mwaka ni kama lita 60, yaani madebe 3. Nyumba ya watu 6 hujaza madebe 18 kwa mwaka. Shimo la mita 1 kwa mita 1, lenye kina cha mita 3, hupokea madebe 125 ukiacha nusu mita juu. Gawanya, utaona kwamba litadumu karibu miaka 7. Lakini watu wakijipangusa kwa magunzi au mawe, au wakitupa takataka humo, litajaa mapema zaidi.

4. Kazi ya kila siku

Weka chombo cha majivu kando ya tundu. Kila atumiaye choo amwage konzi moja: majivu hukausha uchafu, hupunguza harufu na kuwazuia nzi. Tundu liwe na kifuniko.

Usimwage humo dawa ya pamba wala mafuta machafu ya gari. Vijidudu viozeshavyo kinyesi ndivyo watumishi wa shimo. Ukiviua, shimo litajaa upesi, na sumu itashuka kwenye maji ya kisima. Maji ya kuoga nayo yapewe njia yake mwenyewe, yaende kwenye migomba.

5. Nzi na mbu

Huko Zimbabwe, katika miaka ya 1970, kilitengenezwa choo chenye bomba la hewa. Bomba hutoka shimoni na kupita juu ya paa kwa nusu mita, na mdomoni hufungwa wavu. Upepo huvuta harufu juu. Nzi hufuata mwanga wa bomba, hukwama kwenye wavu na kufa. Choo cha namna hii kiwe na giza ndani, tena tundu lisifunikwe, hewa ipate kupita.

Shimo lenye maji huzaa mbu waletao matende. Mwaka 1988, huko Makunduchi, Unguja, mashimo ya namna hiyo yalitiwa punje nyepesi za povu la plastiki. Zilielea juu ya maji kama blanketi, mbu wakakosa mahali pa kuzalia, na idadi yao ikapungua sana.

6. Shimo likijaa

Uchafu ukibakiza nusu mita kufika juu, acha kulitumia. Lijaze udongo na kuushindilia, kisha uchimbe jingine. Usichote kinyesi kibichi kupeleka kwenye mboga: mayai ya minyoo huishi humo muda mrefu. Ngoja miaka 2 kamili bila kuongeza kitu. Baada ya hapo utakuta udongo mweusi usio na harufu, ufaao miti na migomba. Asiyetaka kufukua na apande mwembe au mgomba juu ya udongo ule, nao utajilisha wenyewe.

Basi, mwenye mji, leo hii pima kwa mti mrefu ujue shimo lako limebakiza kiasi gani. Atakayepima mapema atachimba jipya wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu na mikono ikiwa na nafasi. Atakayengoja mpaka lifurike atachimba katika mvua, na uchafu wake utakuwa umekwisha kushuka ziwani.