Kabla Hujashusha Dishi, Piga Hesabu ya Bando

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na televisheni isiyo na king'amuzi ikabaki pambo la sebuleni. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuchukua hatua hiyo. Kenya ilikamilisha mwaka 2015. Tangu hapo kaya nyingi zimezoea bili ambayo wazazi wao hawakuijua. Luku ikishanunuliwa na maji yakishalipwa, bado king'amuzi nacho kinadai chake.

Sasa bili hiyo imeanza kuhojiwa. Vijana wenye simu janja wanamuuliza baba kwa nini aendelee kulipia chaneli mia na ushee wakati nyumba nzima inatazama nne au tano, na filamu zote ziko mtandaoni. Kampuni zenyewe zinaliona wimbi hilo. MultiChoice, wenye DStv na GOtv, walifunga mwaka wao wa fedha Machi 2025 wakiwa na wateja milioni 14.5 barani, pungufu ya milioni 1.2 katika miezi 12. Si wote waliohamia mtandaoni. Mfumuko wa bei Nigeria na mgao mkali wa umeme Zambia vilichangia. Lakini swali la kijana kwa baba yake ni la haki, na linastahili jibu lenye tarakimu.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu jambo hili umetoka Marekani, na huko una mantiki yake. Mteja wa kebo mara nyingi hufungwa kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, hukodishiwa kisanduku kwa ada ya kila mwezi, na juu ya bei iliyotangazwa huongezewa ada ya chaneli za kawaida na ada ya michezo. Akitaka kuondoka kabla ya muda, hutozwa faini. Ndiyo maana Wamarekani wamekuwa wakiihama kebo kwa mamilioni. Kampuni ya Nielsen, inayopima utazamaji, iliripoti kwamba Julai 2022, kwa mara ya kwanza, video za mtandaoni ziliipita kebo. Mei 2025 zikazipita kebo na televisheni ya antena kwa pamoja.

Hata hivyo, waliohama hawakubaki na akiba waliyoitarajia. YouTube TV, inayorusha chaneli zile zile za kebo kwa njia ya intaneti, ilianza mwaka 2017 kwa dola 35 kwa mwezi. Januari 2025 bei yake ilifika dola 82.99. Netflix, ambayo mwaka 2011 ilitoza dola 7.99 kwa video za mtandaoni pekee, mwaka 2025 ilikuwa ikitoza dola 17.99 kwa kifurushi chake cha kawaida kisicho na matangazo. Anayejumlisha Netflix, Disney+ na huduma mbili tatu nyingine anaikaribia tena bili aliyoikimbia.

Huku kwetu hali ni tofauti tangu mwanzo, na tofauti hiyo haizungumzwi vya kutosha. King'amuzi cha Afrika Mashariki ni cha lipa kabla. Dishi ni mali ya mwenye nyumba. Kifurushi kikiisha leo, hakuna mkataba uliovunjwa wala faini. Mtu anaweza kukaa miezi mitatu bila kulipa, kisha akarudi kwa ujumbe mmoja wa simu. StarTimes huuza hata vifurushi vya siku na vya wiki. Kwa maana hiyo, mtego anaoukimbia Mmarekani haupo hapa. Gharama inayomwinda Mswahili imejificha kwingine, kwenye data.

Ili kuelewa sababu, tuanzie angani. Azam TV hurusha matangazo yake kwa dishi kupitia setilaiti iliyo nyuzi 7 Mashariki, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mawimbi yanayoshuka kwenye dishi la Mbagala ni yale yale yanayoshuka Sumbawanga na Pemba. Kaya moja ikiongezeka, au milioni moja, setilaiti haiongezewi kazi yoyote. Mtazamaji naye, awashe televisheni saa moja au saa kumi na nane kwa siku, halipi hata senti ya ziada.

Intaneti hufanya kazi kinyume chake. Kila anayebonyeza kitufe cha kucheza hutumiwa nakala yake mwenyewe ya picha, kipande kwa kipande, kutoka kwenye seva hadi kwenye kioo chake. Nyumba mbili za jirani zikitazama filamu ileile kwa wakati mmoja, data inasafiri mara mbili. Mtu fulani lazima agharimie safari hiyo, na kwa mwenye bando la simu, mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Netflix imetoa makadirio yake, nayo ni kipimo kizuri. Picha ya kiwango cha chini hutumia takriban GB 0.3 kwa saa. Picha ya kawaida hutumia GB 0.7. Picha angavu ya HD inaweza kufika GB 3 kwa saa, na ile ya 4K hadi GB 7.

Chukua nyumba inayotazama saa mbili tu kila jioni. Kwa HD, mwezi mmoja unamaliza hadi GB 180. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, GB moja inanunuliwa kwa shilingi 2,000 za Tanzania: hiyo ni shilingi 360,000 za data, kabla hata ya kulipia huduma yenyewe ya filamu. Ukishusha picha hadi ya kawaida zinatumika GB 42, sawa na shilingi 84,000. Ukitazama kwenye simu kwa kiwango cha chini, GB 18, shilingi 36,000. Msomaji aweke bei ya bando lake mwenyewe mahali pa ile 2,000; jibu litabadilika, lakini kwa HD ni vigumu sana lifike chini ya bei ya kifurushi cha kati cha king'amuzi. Na saa mbili ni kidogo. Nyumba yenye watoto wakati wa likizo inamaliza saa hizo kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo anayeishi kwa bando la simu, na akashawishika kuuza dishi ili abane matumizi, anapotezwa. Mwandishi wa safu hii anasema hivyo bila kusita, kwa sababu wanaoumia kwa ushauri huo ni wenye kipato kidogo, wale wanaonunua data kidogo kidogo na kuuziwa kila GB kwa bei ghali kuliko tajiri mwenye waya ukutani.

Waya huo ndio unaogeuza hesabu yote. Faiba ya nyumbani hulipiwa kwa kasi. Haihesabu GB kama bando la simu linavyofanya. Safaricom ilipoboresha vifurushi vyake mwaka 2024, kifurushi cha chini cha faiba ya nyumbani nchini Kenya kiliwekwa Mbps 15 kwa shilingi 2,999 kwa mwezi. Netflix inapendekeza Mbps 5 kwa picha ya HD kamili, kwa hiyo Mbps 15 zinabeba televisheni mbili na simu za nyumba nzima. Tanzania nako shirika la mawasiliano la TTCL limekuwa likivuta faiba hadi majumbani. Kwa majirani, pale waya usipofika, intaneti ya setilaiti ya Starlink inapatikana Rwanda tangu Februari 2023 na Kenya tangu Julai mwaka huohuo, japo dishi lake lina bei ya kutafakari. Jambo la kuuliza kabla ya kusaini ni kikomo: vifurushi vingi vinavyoitwa vya bila kikomo vina kiwango ambacho ukikivuka kasi hushushwa.

Kama faiba iko nyumbani tayari kwa ajili ya kazi, masomo ya watoto na simu za ndugu walio mbali, basi gharama kubwa imeshalipwa. Hapo kuongeza huduma ya filamu ni fedha kidogo, na kuacha king'amuzi ni akiba ya kweli. Lakini mtu anayeingiza faiba mpya kwa sababu ya filamu tu hapaswi kuisahau bili ya faiba anapojisifu kwamba ameacha dishi.

Sasa tuje kwenye mpira, mahali ambapo mipango mingi ya kubana matumizi hukwama.

Mei 2021 Azam Media walisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi Kuu ya Uingereza kwa eneo letu iko mikononi mwa SuperSport, ndani ya nyumba ya MultiChoice. Maana yake ni kwamba Simba na Yanga wakikutana, hakuna Netflix itakayowaonyesha. Mtu anaweza kutazama kwa programu ya AzamTV Max bila dishi, lakini bado anamlipa Azam yuleyule, na sasa anaongeza data juu yake. Mechi ya saa mbili kwa HD, kwa kipimo kilekile cha GB 3 kwa saa, ni GB 6. Mwenye bando la simu atajikuta amelipia mechi moja fedha ambazo kibanda umiza kingemwonyesha mechi nyingi, pamoja na kelele za mashabiki. Kuna wanaojaribu kukwepa kwa viungo vya wizi au visanduku vinavyouzwa mitaani vikiwa na chaneli za dunia nzima. Huo ni wizi wa haki za watu, na mnunuzi hana pa kudai siku chaneli zikizimwa dakika chache kabla ya fainali.

Lugha nayo ina bei. Novemba 2011 TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na nchi nzima ikaketi kuitazama. Baadaye zikaja za Kituruki na nyingine nyingi, zote zikizungumza Kiswahili sanifu cha sebuleni kwetu. Ving'amuzi vimewekeza sana humo. Huduma za mtandaoni zina vya kwetu vichache: Country Queen ya Kenya iliingia Netflix mwaka 2022, na Binti, filamu ya Tanzania, mwaka huohuo. Bibi ambaye hasomi Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha atakuwa amenyang'anywa televisheni yake kwa jina la kubana matumizi. Nyumba inayompenda bibi itaipima na hasara hiyo.

Bei za mtandaoni hazitulii. Septemba 2021 Netflix iliwapa Wakenya wenye simu za Android kifurushi cha bure. Novemba 2023 ikakifuta. Mwaka huohuo wa 2023 ilishusha bei zake Kenya, lakini ikabana pia mtindo wa ndugu na marafiki kuchangia akaunti moja kwa nywila. Kifurushi chake cha bei ndogo cha simu hakifunguki kwenye televisheni kabisa, na familia ya watu sita haiwezi kukizunguka kioo cha kiganjani. Juu ya hapo kuna kodi: Julai 2022 Tanzania ilianza kutoza VAT ya asilimia 18 kwa huduma za kidijitali zinazouzwa na kampuni za nje, na Kenya hutoza asilimia 16. Malipo mengi huhitaji kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kupitia pesa za simu, na kadi ikishasajiliwa hukatwa kila mwezi, mtu atazame asitazame. King'amuzi kisipolipiwa hunyamaza. Kadi haina adabu hiyo.

Akiba ipo kwa anayechanganya. Taarifa ya habari na vipindi vya kwetu viko YouTube bila ada zaidi ya data, kwani Citizen, NTV, KTN na KBC za Kenya zote huweka matangazo yao huko. Televisheni yenye mfumo wa kupokea mawimbi ya dijitali wa DVB-T2 nchini Kenya hunasa chaneli za bure kwa antena pekee, bila king'amuzi na bila GB hata moja. Dishi libaki juu ya paa, lilipiwe ligi inapochezwa na lipumzike ligi ikiwa mapumzikoni. Huduma ya filamu iwe moja kwa wakati mmoja: ilipiwe mwezi mmoja, itazamwe inayotazamika, ifutwe, kisha nyingine ichukue nafasi. Netflix huhifadhi kumbukumbu za akaunti iliyofutwa kwa miezi 10, kwa hiyo kurudi hakumpotezei mtu alipoishia. Na ubora wa picha uteremshwe kwenye mipangilio ya programu. Kwenye kioo cha simu tofauti ya HD haionekani sana, ila data inaliwa.

Kabla ya uamuzi wowote, msomaji afungue mipangilio ya simu yake, aingie kwenye matumizi ya data, na aangalie YouTube peke yake imekula GB ngapi mwezi uliopita. Azidishe kwa bei anayonunulia bando. Kama jibu limezidi anacholipia king'amuzi, asiliuze dishi.