Mwingereza Aliyetafuta Maneno Mombasa

Mmeniuliza mtoto wa Bombolulu atayapata wapi maneno ya Kiingereza cha vitabuni, kile kizito kisichosikika sokoni Kongowea wala kwenye taarifa ya habari. Nitawajibu. Lakini kwanza nina kisa cha Mwingereza aliyekuwa na shida kama yenu, ila yake ilikuwa kinyume: yeye alitaka Kiswahili cha mashairi.

Mkipanda matatu kwenda mjini mnapita Kengeleni. Pale penye ile kengele ndipo Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa chama cha CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1880 chama hichohicho kilimleta Mombasa kijana mmoja, William Ernest Taylor. Kiswahili cha kununulia samaki hakikumtosha. Alitaka kumwelewa Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki mwaka 1840. Na Muyaka, wanangu, hafunguki kirahisi. Mashairi yake yamejaa Kimvita cha zamani na mafumbo ya ugomvi wa ukoo wa Mazrui na Sultani Seyyid Said. Hata leo ukimpa mtu mzima wa Mombasa ubeti mmoja, anaweza kukuna kichwa.

Taylor angeweza kujifungia na kamusi. Ilikuwapo kubwa, ya mmisionari Krapf, yule wa Rabai. Ilichapishwa London mwaka 1882. Lakini kamusi hukupa maana ya neno, haikwambii nani alimrushia nani neno hilo, na kwa nini aliyerushiwa akakasirika. Basi akamwendea Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa papa hapa Mombasa. Aliitwa Sikujua, na ndiye aliyejua. Mwalimu alikuwa akiyakusanya mashairi ya Muyaka kwa watu walioyahifadhi kichwani, akiyaandika kwa herufi za Kiarabu. Akaketi na mgeni wake wakayapitia. Mwalimu akieleza, Taylor anaandika: neno hili maana yake nini, fumbo hili linamlenga nani, shairi lilitungwa kukiwa na kisa gani.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, na diwani ya Muyaka iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940 ilitokana nazo. Mimi naona hapa dunia haikutenda haki: jina la Mwalimu ndilo lililostahili kutangulia.

Sasa rudini kwenye vitabu vyenu. Wengi wenu mna daftari la maneno. Nimeyaona. Upande wa kushoto neno la Kiingereza, upande wa kulia neno la Kiswahili, mstari katikati, wino mwekundu na mweusi. Daftari zuri la kutazama, lakini kwa kusomea fasihi halikufikishi mbali. Chukueni “slender” na “skinny”. Katika daftari la namna hiyo yote mawili yatapata jibu moja, “mwembamba”. Lakini mwandishi akisema binti ni “slender” anamsifu, na akimwita “skinny” amekaribia kumwita kimbaumbau. Ukilikosa hilo, utasoma ukurasa mzima bila kujua kwamba mhusika ametukanwa.

Kwa hiyo fanyeni kama Taylor. Andika sentensi nzima ulimolikuta neno. Chini yake andika nani anasema, anamwambia nani, amekasirika au anatania. Maana ya kamusi ije mwisho, na iwe fupi. Hata ile kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza, ya Oxford, iliundwa kwa sentensi. Wazo lake lilianza mwaka 1857, na wasomaji wa kawaida waliombwa watume vikaratasi vyenye sentensi walizozikuta vitabuni. Mhariri wake mkuu, James Murray, alifariki mwaka 1915 kazi haijaisha. Ilikamilika mwaka 1928.

Mtauliza, maneno mangapi yanatosha? Kuna mtaalamu wa New Zealand, Paul Nation, aliyelipima jambo hili mwaka 2006. Alikadiria kwamba msomaji wa riwaya anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000 ili katika kila maneno 100 ayajue 98. Msishtuke. Familia moja ni ukoo mzima, kama vile soma, msomaji na kisomo yalivyo ndugu. Tena koo nyingine za Kiingereza zina babu mmoja wa Kilatini. Inspekta wa polisi mnamjua, kazi yake kukagua. Ndani ya jina lake kuna “spect”, yaani kutazama. Basi “spectator” ni mtazamaji, na “spectacles” ni miwani. Ukimjua babu, wajukuu hawakusumbui sana, ingawa wengine wamepotea njia na huwezi kuwakisia kwa sura tu.

Hiyo 98 ina faida nyingine. Ukurasa wenye maneno 300 utabaki na kama sita usiyoyajua. Hesabu ukurasa wa kwanza wa kitabu kabla hujakiazima. Yakiwa sita au saba, chukua. Yakiwa thelathini, kirudishe rafuni, utakisoma mwakani, hakuna aliyekufukuza. Na hata katika hayo sita, usikimbilie kamusi kwa kila moja. Tafuta lile linalojirudia, au lile lililokuzibia njia ukashindwa kujua nani amefanya nini. Mengine yaruke. Ukiyakuta tena mbele, utakuwa tayari unayajua nusu.

Na sasa kitabu chenyewe, maana najua mtaniuliza. Mimi ningeanza na Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, akaandika riwaya zake kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994. Inamhusu Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili anayechukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, na tafsiri hiyo ilitoka mwaka 2022.

Mkivipata vyote viwili, someni sehemu ya kwanza katika Peponi, mpaka mjue Yusuf amepelekwa wapi na nani anamcheka. Kisha fungueni Paradise mahali hapohapo. Maneno magumu ya Kiingereza yatawajia kisa chake mnakijua, na Mwalimu wenu Sikujua atakuwa ni kile kitabu cha Kiswahili kilichofunguliwa pembeni. Kuna mahali mhusika mwingine, Khalil, anamweleza Yusuf maana ya kuwa rehani. Msomaji wa Manchester itabidi asubiri maelezo pamoja na Yusuf. Ninyi mtakuwa mmeshaelewa, na mtaanza kumwonea huruma yule mtoto kabla mwenyewe hajajua lililompata. Riwaya ina sehemu sita. Sehemu ya tatu ni ya safari ya bara, ndefu na yenye maneno mengi mapya. Hiyo msiisome usiku mkiwa na usingizi.