Daftari la shamba lisife na laptopu: tumia tundu la USB kwenye rauta

Vijana wenzangu wa Kasulu na Kibondo, leo tuache viwavijeshi kidogo, tuongelee kumbukumbu. Wengi wenu daftari mmelihamishia kwenye laptopu: gharama za mbegu, vibarua, risiti za mbolea, magunia ya maharage yaliyouzwa. Ukienda kuomba mkopo, benki inataka hizo hizo. Laptopu ikifa, unabaki na maneno matupu.

Kutuma kopi kwenye intaneti kunakula bando. Sasa kama una rauta ya waifai nyumbani, igeuze uangalie. Ikiwa na tundu la USB linalokubali diski, umepata ghala. Kopi zinapita kwenye waifai ya ndani, bando haliguswi.

Fanya hivi:

1. Chomeka flashi au diski kwenye rauta. Ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, haitapokea faili moja linalofika GB 4.

2. Fungua kivinjari, andika namba iliyo kwenye lebo ya rauta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Badilisha nywila ya kiwandani, kisha washa sehemu ya kushea USB na uiwekee nywila. Ukiona sehemu ya kuifungua diski kwa watu wa nje, izime.

3. Kwenye Windows, fungua File History, chagua diski hiyo ya mtandao. Usipobadilisha kitu, itakopi kila saa mafaili yaliyobadilika.

Rauta za zamani hutumia SMB1, njia ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017. Windows mpya zinaifunga. Usiifungue kwa nguvu. Bora uchomeke diski kwenye laptopu moja kwa moja.

Halafu kuna radi. Huku kwetu mvua zikianza, radi haina mchezo. Laptopu na rauta zikiwa soketi moja, pigo moja linaondoka na zote. Virusi vinavyofunga mafaili navyo vinaifikia diski iliyochomekwa. Kwa hiyo uwe na diski mbili, uzibadilishane kila wiki. Moja ikae rauta, nyingine kwa mama au mjomba, nyumba tofauti.

Mwisho, kila mwezi fungua faili moja la kopi kwenye kompyuta nyingine. Mbegu tunaipima uotaji kabla ya kupanda. Kopi nayo ipimwe kabla ya shida.